SSD inasema ni nzima kwa asilimia 94, mbona kompyuta inaganda?

Msomaji mmoja, mwenye kompyuta inayohifadhi faili kwenye SSD (diski ya chipu, isiyo na vyuma vinavyozunguka), ameniandikia hivi: “Habari za kazi, mtaalamu. Kompyuta yangu ya mezani hapa nyumbani ina SSD ya SATA ya gigabaiti 500 yenye miaka minne. Siku hizi inaganda. Mshale wa kipanya unatembea, lakini nikibofya kitu hakifunguki, na taa ya diski inawaka mfululizo bila kupepesa. Baada ya nusu dakika hivi inaachia na mambo yanaendelea. Juzi niliiwasha ikaandika kwamba haioni diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha tena, ikakubali. Kuna picha mbili za mwanangu hazifunguki kabisa. Programu ya kupima diski, CrystalDiskInfo, inaonyesha Good 94%. Rafiki yangu mmoja anasema niendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, mwingine anasema nifomati niweke Windows upya. Nifuate ushauri wa nani?”

Ndugu yangu, kwa leo usifuate wa yeyote kati yao. Zima kompyuta hiyo na usiiwashe tena mpaka uwe na diski nyingine ya kuhamishia faili zako. Uchunguzi unaweza kusubiri hata wiki mbili. Faili haziwezi.

Kilichonitia wasiwasi ni zile picha mbili. Kuganda peke yake kuna sababu nyingi, na baadhi ni nyepesi kabisa. Lakini faili iliyokuwa ikifunguka na sasa haifunguki maana yake kuna data ambayo tayari imeharibika, iwe ndani ya SSD, iwe njiani kati ya SSD na kumbukumbu ya kompyuta. Ukijumlisha na ile asubuhi diski ilipokosekana, una dalili mbili zinazoelekea upande mmoja. Na kila saa unayoendelea kuitumia, Windows inaandika kitu: kumbukumbu za matukio, masasisho, faili za muda, hata kama wewe umekaa tu unasoma habari. Kwenye SSD inayosuasua, huko kuandika ndiko kunakoweza kuimaliza.

Sasa hiyo asilimia 94. Naomba uielewe vizuri, maana imewapoteza watu wengi. Namba hiyo inapima uchakavu wa seli, basi. Kila seli ya SSD huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme nyuma ya utando mwembamba sana wa kuhami, na kila inapofutwa na kuandikwa upya utando huo unalika kidogo. Mtengenezaji hukadiria seli zitahimili mizunguko mingapi, na programu inakuonyesha sehemu iliyobaki. SSD nyingi za gigabaiti 500 huuzwa kwa ahadi ya kuandikiwa terabaiti 300 hivi. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, unahitaji zaidi ya miaka 40 kufika huko. Wewe umetumia asilimia 6 kwa miaka minne, kwa makadirio ni kama gigabaiti 12 kwa siku, matumizi ya kawaida ya nyumbani. Kwa hiyo namba hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali ambalo hukuuliza. Ni sawa na kupima soli ya kiatu ukaikuta bado nene, wakati kinachoachia ni mshono.

Kwenye SSD, mshono ni kidhibiti, ile chipu inayoendesha kila kitu, pamoja na ramani inayoitunza. Faili yako haikai mahali pamoja. Kidhibiti huihamisha huku na huku ili seli zichakae kwa usawa, na ramani ndiyo pekee inayojua kila kipande kiko wapi. Umeme ukikatika ghafla ramani ikiwa inaandikwa, au kidhibiti kikipatwa na hitilafu, data inaweza kuwa salama ndani ya chipu zake lakini hakuna anayejua ilipo. Ndiyo maana SSD hufa ghafla. Hard disk ya zamani ilikuwa inagongagonga na kulia kwanza, mtu akapata onyo. Hii haina sauti. Leo ipo, kesho BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, haiioni.

Na fimwea, yaani programu iliyomo ndani ya SSD yenyewe, nayo ina makosa yake. Mwaka 2012 Crucial ilitoa sasisho la SSD zake za m4 kwa sababu zikifikisha saa 5,184 za kuwa zimewashwa zilikuwa zinapotea. Ukiwasha upya zinarudi, halafu baada ya kama saa moja zinapotea tena. Sasisho lilimaliza tatizo na data ilibaki. Mwaka 2019 Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD za seva zake zingekufa zikifika saa 32,768, ambazo ni miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingerudi, kama fimwea haikusasishwa mapema. Katika visa vyote viwili uchakavu wa seli haukuhusika hata kidogo, kwa hiyo asilimia ingeweza kubaki nzuri mpaka dakika ya mwisho.

Turudi kwenye kunakili. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Usinakili kutoka C kwenda D ikiwa zote mbili ni vipande vya SSD hiyo hiyo. Wengi hufanya hivyo wakidhani wamejiwekea akiba, na SSD ikifa vinakwenda vyote. Kabla hujafungua kasha la kompyuta, hakikisha kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima. Kompyuta nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukiichomeka SSD kwenye mashine nyingine utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa kutumia simu, uandike kwenye karatasi.

Njia ninayoipenda ni kutoiwasha Windows hiyo kabisa. Ama unaitoa SSD na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB, ama unaiacha ilipo na kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya majaribio kama Ubuntu, ile inayoendeshwa bila kusakinishwa. Hapo SSD inabaki na kazi moja tu ya kusomwa. Ukitumia kompyuta nyingine yenye Windows, inaweza kukuambia diski ina hitilafu, bofya hapa irekebishwe, au mbaya zaidi, ifomati kwanza ndipo uitumie. Kataa yote mawili.

Anza na vidogo visivyopatikana kwingine: picha, nyaraka, kazi za shule, hesabu za biashara. Programu na filamu ziache mwisho au ziache kabisa. Nakili folda moja moja, usiburute diski nzima kwa mkupuo, maana ikikwama hutajua imeishia wapi. Faili ikigoma, iruke, andika jina lake pembeni, songa mbele. SSD ikipotea katikati ya kazi, ichomoe, ipumzishe, ichomeke tena, uendelee na folda iliyofuata. Mwishoni fungua faili kadhaa kutoka kila folda kwenye nakala mpya, na uzifungue kweli. Jina la faili kuonekana kwenye orodha si uthibitisho kwamba ndani kuna kitu.

Ikigoma mara kwa mara, acha kunakili faili moja moja na utumie ddrescue kwenye Linux. Yenyewe husoma diski kama ilivyo, ikichukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka yanayokwama, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika. SSD ikipotea, unaiwasha upya, unarudia amri ile ile, na kazi inaendelea ilipoishia. Mzunguko wa kwanza:

ddrescue -n /dev/sdb /media/nakala/ssd.img /media/nakala/ssd.map

Wa pili, wa kurudia maeneo magumu mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/nakala/ssd.img /media/nakala/ssd.map

Hapa nimeandika sdb kama mfano. Endesha kwanza lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, utambue SSD yako kwa ukubwa wake, kisha soma amri tena kabla ya kubonyeza. Chanzo hutangulia, mapokezi hufuata. Ukivigeuza utaandika juu ya data unayotaka kuiokoa. Diski ya kupokea iwe na zaidi ya gigabaiti 500 zilizo wazi, kwani taswira, yaani ile faili ya ssd.img, huchukua SSD nzima pamoja na sehemu zisizo na kitu.

Sasa unaelewa kwa nini nimekataa chkdsk. Kazi yake ni kurekebisha mfumo wa faili, na hurekebisha kwa kuandika. Ikisoma SSD inayorudisha majibu yasiyo sahihi, itaamini rekodi zilizo salama ni mbovu, itazikata, na vipande vyake utavikuta kwenye folda ya found.000 vikiwa havina majina. Ukiongeza /r, itasoma kila sehemu ya diski kwa saa nyingi. Ni chombo kizuri kwenye diski nzima yenye mfumo wa faili uliovurugika. Kwenye diski inayougua, kiendeshwe juu ya nakala tu.

Kufomati ni hatari zaidi. Windows ikifomati SSD huiambia kwa amri ya TRIM kwamba sehemu zote hizo hazihitajiki tena, na SSD huanza kuzisafisha yenyewe. Baada ya hapo ukijaribu kusoma unapata sifuri tupu, na fundi wa kuokoa data naye kwa kawaida hana la kukusaidia. Mambo ya hard disk za zamani, ambapo mtu alifomati kwa bahati mbaya akarudishiwa picha zake zote, hapa usiyategemee. Kuna pia ule ushauri wa kuweka diski kwenye friza. Ulikuwa wa hard disk zenye vyuma vinavyozunguka, na hata huko ulikuwa wa kubahatisha. SSD haina chochote cha kunufaika nao, ila unyevunyevu utaupata.

Faili zikishakuwa salama, sasa tuchunguze kwa utulivu. Anzia nje ya SSD, kwa sababu hapo ndipo penye matumaini. Kwenye CrystalDiskInfo tafuta mstari wa C7, ambao kwa desimali ni 199. Unahesabu makosa yaliyotokea data ikiwa njiani kwenye kebo. Andika namba unayoiona upande wa Raw Values. Kwa kawaida imeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, unaweza kuigeuza kwenye menyu. Badilisha kebo ya SATA, hamishia kwenye tundu jingine la ubao mama, kisha tumia kompyuta siku chache uangalie tena. Namba hiyo haishuki kamwe, kwa hiyo usishtuke kuikuta palepale. Unachotafuta ni kama inapanda. Ikiwa ilikuwa inapanda na sasa imetulia, na kuganda kumekoma, basi SSD yako haikuwa na kosa. Kebo zisizo na kile kibanio cha chuma huachia polepole kwa joto na mtikisiko, na ni kitu cha kwanza ninachokishuku kwenye kompyuta ya mezani.

Angalia na waya wa umeme wa SSD. Ukiwa umeunganishwa kupitia kigawanyio, uondoe hapo na uchomeke moja kwa moja kwenye waya unaotoka kwenye pawasaplai. Pawasaplai iliyochoka nayo inaweza kuifanya SSD ipotee na kurudi, hasa wakati kompyuta inafanya kazi nzito.

Kisha fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, halafu System, na utafute matukio yaliyoandikwa muda ule ule kompyuta ilipoganda. Tukio namba 129 kutoka storahci, programu ya Windows inayowasiliana na diski za SATA, lenye maneno “Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued”, linafanana kabisa na unachokieleza: Windows iliuliza SSD kitu, ikangoja, haikujibiwa, ikaiamuru ijianzishe upya. Ndiyo maana kipanya kilitembea huku kila kitu kingine kimesimama. Prosesa ilikuwa hai, inangoja diski. Namba 153 maana yake ombi la kusoma au kuandika limerudiwa. Namba 7 ndiyo mbaya: kuna mahali hapasomeki. Wanaotumia Linux wataona mistari ya “hard resetting link” wakiendesha journalctl -k.

Namba 129 ikiwa peke yake, bila 7 na bila faili zilizoharibika, ina dawa moja ya kujaribu kwanza. Baadhi ya SSD haziamki vizuri zikilazwa ili kuokoa umeme. Badili mpango wa umeme wa Windows uwe wa utendaji wa juu, angalia kama kuganda kunakoma. Wewe una picha zilizoharibika, kwa hiyo sitegemei kwamba hilo litatosha.

Ndani ya SSD yenyewe, mistari ya kutazama ni 05, sehemu zilizohamishwa kwa ubovu, na BB, yaani 187, makosa ambayo SSD ilishindwa kuyasahihisha. Watengenezaji hawatumii mistari ile ile wote, hivyo usipouona mmoja usihangaike. Sehemu chache zilizohamishwa ambazo hazijaongezeka kwa mwaka mzima hazinitishi. Makosa yasiyosahihishika yakiwa zaidi ya sifuri na yanaongezeka, hapo hakuna mjadala. Kwa wenye SSD za NVMe, aina inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama bila kebo, mistari ni mingine: “Media and Data Integrity Errors” inapaswa kuwa sifuri, na “Available Spare” isikaribie kiwango cha chini kilichoandikwa pembeni yake. “Percentage Used” kwao inapanda badala ya kushuka, na inaweza kupita 100 SSD ikiwa bado inafanya kazi, jambo linalothibitisha nilichosema juu ya asilimia. NVMe nazo hupata joto. Zikikaribia nyuzi 80 nyingi hujipunguzia kasi, na mtu akadhani zimeharibika.

Usiisahau RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. RAM mbovu huharibu faili wakati zinaandikwa, na lawama inaangukia SSD. Acha Memtest86+, programu ya kuipima RAM, iendeshe usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kukwambia uibadilishe RAM kwanza, kabla hujahukumu kitu kingine.

Nafasi nayo: SSD iliyojaa zaidi ya asilimia 90 huwa nzito, kwa sababu kidhibiti hakina pa kupangia mambo yake. Lakini inakuwa nzito tu. Haipotei kwenye BIOS wala haiharibu picha.

Baada ya hayo yote, na nakala ikiwa mkononi, ndipo uangalie tovuti ya mtengenezaji kama kuna fimwea mpya ya modeli yako. Kusasisha fimwea kwenye SSD inayosuasua kunaweza kuiponya au kuizima moja kwa moja, ndiyo maana nimekuweka huku mwisho.

Hukumu yangu kwa ulichonieleza ni hii: ikiwa namba ya C7 haipandi na RAM ni nzima, nunua SSD nyingine. Hata ikitulia baada ya sasisho, usiirudishie Windows wala picha za mtoto. Iwekee michezo au faili za muda, vitu ambavyo vikipotea unavipakua tena.

Ikiwa imeshagoma kuonekana kabla hujanakili, ingia BIOS uone inajitambulishaje. Ikijiita SATAFIRM S11 badala ya jina lake, au ikionyesha megabaiti chache badala ya gigabaiti 500, kidhibiti kimeshindwa kupakia fimwea yake na wewe nyumbani hutakiweza. Isipoonekana kabisa, kuna njia isiyo na gharama ambayo Crucial huwaelekeza wateja wake, na ambayo inafaa kujaribiwa kwenye SSD nyingine pia: ichomoe waya wa data, iachie waya wa umeme tu, washa kompyuta kwa dakika 20, ondoa umeme sekunde 30, rudia tena dakika 20, kisha rudisha waya wa data. Muda huo huipa SSD nafasi ya kujipanga bila kuulizwa chochote. Ikirudi, nakili papo hapo, usiseme utamalizia kesho. Isiporudi na faili zina thamani kwako, ipeleke kwa wanaookoa data kitaalamu kabla hujajaribu mbinu za mitandaoni. Waulize mapema kama wanamudu kidhibiti cha modeli yako, kwa kuwa SSD nyingi husimba data kwa ufunguo uliomo kwenye kidhibiti, na kung’oa chipu za kumbukumbu pekee hakusaidii.

Mwisho, tazama dhamana. SSD nyingi huja na miaka mitatu au mitano, kwa hiyo yako ya miaka minne huenda bado imo. Kabla ya kuirudisha, ikiwa bado inapokea amri, ifute kwa Secure Erase, amri ya kufuta kila kitu kilichomo, kupitia programu ya mtengenezaji. Kama imekufa kabisa hutaweza kuifuta, na hapo itabidi uamue: ikiwa ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, irudishe bila hofu. Kama haikufungwa na ndani kuna nyaraka za benki au za kazi, mimi ningeivunja chipu zake na kununua nyingine kwa fedha zangu.